Daftari la Merer

Ninyi mkaao karibu na Ziwa Victoria mwajua mafunjo, yale yanayoota majini, shina lake pembe tatu na kichwa kama ufagio. Ninyi mwayafanya mikeka. Watu wa Misri ya kale waliyafanya karatasi. Walimenya ganda, wakapasua kiini cheupe vipande vyembamba, wakavilaza ubavu kwa ubavu. Juu yake wakalaza vingine kwa kukingama. Wakavikandamiza vikashikana, wakavianika, wakalainisha kwa jiwe. Hata neno letu "karatasi" tulilipata kwa Waarabu, nao kwa Wayunani, ambao kwao lilikuwa jina la mafunjo yaliyotengenezwa hivyo. Wino mweusi ulikuwa wa masizi.

Usidhani walioandikiwa habari zao walikuwa wafalme tu. Mwaka 2013 wachimbaji walioongozwa na Mfaransa Pierre Tallet walikuwa Wadi al-Jarf, pwani ya Misri kwenye Bahari ya Shamu. Penye mapango ya kuwekea mashua walikuta mafunjo yenye maandishi, umri wake miaka zaidi ya 4,500. Hayajaonekana mengine yenye maandishi ya zamani kuliko hayo. Ukavu wa jangwa uliyahifadhi, kwetu yangalioza.

Daftari moja ni la Merer, msimamizi wa mabaharia kama 40. Limeandikwa siku kwa siku: siku ya kupakia mawe Tura, siku ya safari, siku ya kufika Giza (hilo ni jina la mahali, si giza la usiku). Mawe yalikuwa ya piramidi la mfalme Khufu. Katika siku 10 walikwenda na kurudi mara 2 au 3.

Pamoja nalo zilikutwa hesabu za posho. Hapa nawaomba mtulie kidogo. Kuna chakula kilichotakiwa kuletwa, kuna kilicholetwa, na kuna kilichobaki. Basi, mwenye ghala akisema, "Nimekwisha wapa chote," maneno yake yanapimwa kwa maandishi, si kwa ukali wa sauti. Mimi naona karatasi hiyo ina thamani kuliko sifa nyingi za wafalme zilizochongwa katika mawe.

Sasa fungua daftari lako. Piga mistari upate safu 3, uziandike vichwa: Ninachodai, Nilicholipwa, Kilichobaki. Kama umeuza pamba na hujalipwa yote, anza na hiyo. Andika na tarehe.