FIKRA MGANDO: NANI KASHIKA MIZANI?

(Mada iliyotolewa kwa vijana wa tawi)



Mimi niliishia kidato cha nne. Lakini muuza sukari akigusa mizani kwa kidole, namwona! Leo nawaonyesha kidole cha wasomi.

Theodor Adorno na wenzake watatu walitafiti huko Marekani ni mtu gani humfuata dikteta. Kitabu chao kilitoka mwaka 1950. Walitunga kauli za kupima watu, na karibu zote zilikaa hivi: ukikubali, una chembe ya ufashisti. Basi hata mpole aliyezoea kuitikia "ndiyo" akatiwa kapu moja na wafuasi wa Hitler. Na wafuasi wa Stalin je? Mwaka 1954 Edward Shils akapiga kelele kwamba mizani hiyo inatazama upande mmoja tu. Mwaka 1956 Milton Rokeach akaleta ya kwake, akitaka ipime fikra mgando za pande zote.

Mnadhani somo likaeleweka? Thubutu!

Mwaka 1997 Keith Stanovich wa Kanada na mwenzake Richard West walitoa kipimo cha fikra zilizo wazi. Watu wa dini wakawa wanaanguka vibaya. Mwaka 2019 Stanovich na Maggie Toplak wakakikagua upya. Wakakuta nini? Maswali yaliuliza kama mtu abadili msimamo akipata ushahidi mpya, lakini neno la Kiingereza lililotumika hubeba imani na maoni kwa pamoja. Mcha Mungu alisikia anaulizwa habari za Mungu wake. Asiye na dini alisikia anaulizwa maoni ya kawaida, kama yale ya bei ya nyanya. Jamani, huo ni mtihani mmoja?

Neno hilo lilipoepukwa, pengo likapungua. Nao wakakiri hadharani: watafiti wenye mwelekeo mmoja hawaioni kasoro inayowapendelea.

Ndugu zangu, huko kukiri ndiko fikra wazi. Vigogo wanatuita wabishi. Sisi tunawaita wenye fikra mgando. Kila mmoja na mizani yake mkononi! Kabla hujampima jirani, mpe kwanza aikague mizani yako. Nasi hapa kijiweni, mara ya mwisho kusema "tumekosea" ilikuwa lini?