Maua ya Vyungu Roshanini: Kaskazi, Kusi na Maji ya Kisahani

Maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa vikao vya wakazi katika wadi za Kaunti ya Mombasa



Mombasa ni mji wa maua ya kunusa kabla ya kuwa mji wa maua ya kutazama. Asmini hutungwa uzi, mrehani na waridi hufungwa kikuba, na nyumba yenye arusi hujulikana kwa harufu kabla mgeni hajafika mlangoni. Zamani mimea hiyo ilikaa uani. Siku hizi nyumba nyingi hazina ua. Ipo roshani ya futi nne kwa kumi, lipo paa la ghorofa, ipo ngazi ya nyumba ya kupanga huko Kisauni au Likoni, na juu yake vyungu, ndoo zilizopasuka, makopo ya rangi na madebe ya mafuta ya kupikia. Mazungumzo haya ni ya mimea ya namna hiyo: jinsi inavyotunzwa mwaka mzima katika hali ya hewa ya pwani, na jinsi inavyotunzwa bila kumfugia jirani mbu.

Hilo la mbu halikupachikwa hapa ili Idara ya Afya nayo ipate nafasi. Mwaka 2004 chikungunya ilizuka Lamu kisha ikafika Mombasa. Mwaka 2013 homa ya dengi ilienea mjini. Mwishoni mwa 2017 na kuingia 2018 chikungunya ilirudi, na watu wazima wakawa wanapanda ngazi kwa kushikilia ukuta. Jina lenyewe la ugonjwa huo limetoka katika lugha ya Wamakonde, baada ya mlipuko wa 1952 kusini mwa Tanganyika, na maana yake ni kile kinachomkunja mtu. Kila homa hizi zinapotajwa, kuna anayeambiwa atupe vyungu vyake. Wapo wanaotupa kweli. Wapo wanaovificha nyuma ya mlango siku maafisa wanapopita, kisha wanavirudisha pamoja na visahani vyake vilevile. Yote mawili hayasaidii.

Chukulia mama mwenye vyungu tisa kwenye roshani ya ghorofa ya tatu: viwili vya asmini, vitatu vya mrehani, kimoja cha mshubiri, yaani alovera, kimoja cha pilipili, kimoja cha bogenvilia, na kimoja cha waridi aliloletewa na shemeji yake kutoka Limuru. Mwaka wake huanza na kaskazi.

Kaskazi huvuma tangu Disemba mpaka Machi. Ni kipindi kikavu, na kuanzia Februari joto huwa la kuwaka. Chungu cha udongo hupumua, kwa hiyo hukauka upesi. Kikiwa kidogo, tena kimeegemea ukuta unaopigwa na jua la alasiri, kitanyweshwa asubuhi na jioni na bado kiwe na kiu. Cha plastiki hushika maji kwa muda mrefu zaidi, lakini hupasha mizizi moto. Dawa si kumwaga maji mengi. Vyungu vikaribianishwe ili vikubwa vivikinge vidogo, viondolewe kwenye ukuta huo wa magharibi, na udongo ufunikwe kwa makumbi ya nazi. Ila makumbi yaliyofukiwa ufuoni kwa ajili ya kusokota kamba yamejaa chumvi. Huloweshwa kwenye maji matamu na kukamuliwa mara mbili tatu kabla ya kutumika. Mchanga wa ufuoni nao usitiwe chunguni kamwe. Utafutwe wa mto.

Kujua kama mmea una kiu, kidole hutosha. Kikiingia mpaka kifundo cha pili na kutoka kikavu, mmea unyweshwe. Kikitoka na udongo umeshikamana nacho, uachwe mpaka kesho. Mama wa vyungu tisa akitoa nusu lita kwa kila chungu kwa siku, ametumia lita nne na nusu, na mtungi wa lita 20 unamfikisha siku ya nne. Maji ya mji huu hutoka mbali, Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na mifereji inapokauka mtungi huo hununuliwa kwa mwenye mkokoteni. Si wa kuchezewa. Maji yaliyooshea mchele na mboga yasimwagwe. Maji ya udhu, maadamu hayana sabuni, ni mazuri. Yaliyochemshiwa kitu chenye chumvi, na ya kufulia yenye dawa ya kung'arisha nguo, hayo yaende mtaroni.

Halafu kuna maji ya kisima, na hapa ndipo vyungu vingi vya Mombasa hufia. Visima vingi vya mji huu vina chumvi. Mmea ulio ardhini waweza kustahimili, kwa sababu mvua huisukuma chumvi chini ya mizizi. Chunguni haina pa kwenda: maji hukauka, chumvi hubaki, na kila siku huongezwa nyingine. Dalili yake ni ukoko mweupe kwenye mdomo wa chungu na ncha za majani zilizoungua. Mwenye chungu hudhani ni kiu, akaongeza maji yaleyale. Hivyo ndivyo mrehani unavyouawa kwa huruma. Mkazi asiye na maji mengine ila ya kisima ni heri aanze na mshubiri na bogenvilia, ambazo ni sugu, au ule mmea wenye shina nene kama chupa ambao wauza miche huuita deseti rozi. Huo ni wa kwetu, humea wenyewe kwenye nyika kavu za Kenya, na hutoa maua ya waridi wakati vingine vimenyauka. Lakini utomvu wake ni sumu, na katika sehemu nyingi za Afrika wawindaji wameutia kwenye mishale. Usiwekwe mahali mtoto anapotambaa.

Mvua ya masika, ambayo wazee huiita mvua ya mwaka, huanza mwishoni mwa Machi au Aprili, na Mei ndio mwezi wake mkubwa. Huu ni wakati wa kutoa vyungu vyote nje, hata vinavyokaa sebuleni. Mvua kubwa ikipita kwenye udongo huteremsha chumvi ya miezi minne bila gharama, ilimradi chungu kina tundu. Kisicho na tundu hugeuka kisima, na mizizi huoza. Ndoo ya plastiki hutobolewa matundu manne au matano ya ukubwa wa kidole cha mwisho, na juu ya matundu huwekwa vigae ili udongo usizibe. Udongo wenyewe hutosha ukiwa sehemu mbili za udongo mwekundu, moja ya samadi iliyoiva na moja ya mchanga wa mto. Samadi mbichi huunguza.

Kabla mvua haijaanguka, lakini, kuna kazi ya visahani.

Mbu anayeeneza dengi na chikungunya ni Aedes aegypti, mdogo, mweusi, mwenye mabaka meupe miguuni. Huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri jua likielekea kuzama, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakimzuii. Hahitaji bwawa wala mtaro mchafu. Hupenda maji yaliyotulia ndani ya chombo, na mayai yake huyataga kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Mayai hayo yakikauka hayafi. Hukaa miezi kadhaa yakingoja kuloa. Hapo ndipo wengi hukosea. Kisahani kilichokauka Februari, kikapanguswa vumbi, kikaonekana safi, huenda kimebeba mayai mpaka mvua ya Aprili itakapokijaza. Katika joto la Mombasa, kiluwiluwi akishaanguliwa huchukua kama wiki moja hadi siku kumi kuwa mbu anayeruka.

Kwa hiyo kumwaga maji hakutoshi. Kisahani husuguliwa kwa burashi au kwa kumbi la nazi na mchanga, ukuta wote, na zaidi ule mstari ambao maji huishia. Hufanywa mara moja kila wiki, siku ileile ili isisahaulike. Jumamosi asubuhi ni nzuri, watoto wakiwa nyumbani. Macho yao huviona viluwiluwi upesi kuliko ya wakubwa.

Wapo wanaosema visahani viondolewe kabisa. Ushauri huo ni rahisi kwa anayekaa chini. Ghorofani kisahani kipo kwa sababu maji yakidondoka humwangukia wa chini aliyeanika nguo, na ugomvi huo hakuna mpangaji asiyeujua. Njia iliyo bora ni kukijaza mchanga mpaka ukingoni. Mchanga hunywa yanayodondoka, huutunzia mmea unyevu, na hauachi maji ya wazi ya kutagia. Mvua ikiwa kubwa hadi maji yakasimama juu ya mchanga, yamwagwe siku hiyohiyo.

Vyungu si peke yake. Ile manipulanti inayokuzwa ndani ya chupa ya maji juu ya friji ni zalio zuri kupita kisahani, kwa kuwa hakuna anayeishuku. Maji yake hubadilishwa mara mbili kwa wiki na chupa ikasuguliwa ndani, la sivyo ipandwe udongoni. Vyungu vitupu vilivyorundikwa pembeni vigeuzwe vifudifudi. Pipa la akiba ya maji lifunikwe kwa kifuniko kinachobana au kitambaa kilichofungwa kwa mpira. Uhaba wa maji ndio unaoyajaza mapipa haya, na hakuna wa kumlaumu mtu kwa kuweka akiba. Lakini pipa wazi huzaa mbu wengi kuliko visahani vyote tisa.

Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, huhesabu maji yenye viluwiluwi vya mbu kuwa kero inayopaswa kuondolewa. Kinachotakiwa kuondolewa ni mazalio, wala si maua. Afisa wa afya ya umma au mhamasishaji wa afya ya jamii akibisha hodi, aonyeshwe vyungu vilipo. Chungu chenye kisahani kilichojaa mchanga hakina la kujibu. Na mtu akishikwa na homa ya ghafla pamoja na maumivu makali ya viungo, au nyuma ya macho, aende kituo cha afya apimwe. Asinunue aspirini wala ibuprofeni kabla ya kupimwa, kwa sababu ikiwa ni dengi dawa hizo zaweza kuzidisha kuvuja damu.

Kusi huingia pamoja na masika na kuendelea mpaka Septemba. Jua hupoa, mimea hukua taratibu, na maji hupunguzwa kwa nusu au zaidi. Mama yule atakayeendelea na nusu lita kwa siku mwezi wa Julai ataiozesha pilipili yake. Walio karibu na bahari, Nyali na upande wa Likoni unaotazama mawimbi, wana shida nyingine. Kusi huleta rasharasha ya chumvi inayounguza majani upande mmoja tu, ule wa baharini. Majani hayo yaoshwe kwa maji matamu, na bogenvilia isogezwe mbele iwe ukuta wa wenziwe.

Na waridi la Limuru? Ukweli ni kwamba halitadumu. Mawaridi yanayouzwa maua huko Naivasha hukuzwa karibu mita 1,900 juu ya bahari, usiku una baridi. Hapa usiku wa Machi hauna baridi hata kidogo. Tena udongo wetu unaokaa juu ya matumbawe una chokaa nyingi, na majani ya waridi hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Likae chini ya kivuli cha alasiri, kwenye udongo mwekundu, lishukuriwe kwa maua litakayotoa. Shemeji akiuliza, aambiwe lilijitahidi. Atakayetaka waridi la kikuba atafute mche kwa jirani ambaye lake limeishi hapahapa miaka, akate tawi na kulipanda mwanzo wa mvua.

Asmini hutaka jua la angalau nusu siku. Maua yake hutokea kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo kusi inapolegea, mwishoni mwa Agosti au Septemba, matawi hukatwa kwa theluthi moja na chungu kikaongezwa samadi ngumi mbili. Wengi huona uchungu kukata, kisha hulalamika kwamba mti wao ni majani matupu. Mrehani haukatwi hivyo. Huvunjwa vichwa kila unapotaka kutoa maua, na mbegu zikapandwa upya mwanzo wa kila mvua, kwa maana ukizeeka huwa mti usio na harufu.

Vuli huja Oktoba na Novemba, mvua chache kuliko za masika lakini zenye kutosha kuoshea vyungu. Wiki ya mwisho ya Septemba visahani vyote visuguliwe tena na mchanga ubadilishwe. Baada ya hapo joto hurudi, na asmini iliyokatwa huanza kuweka vichwa. Huchumwa jioni vikiwa bado vimefumba na kutungwa uzi vikiwa hivyo hivyo. Hufunguka vyenyewe usiku, juu ya nywele au juu ya mto.