Jiwe la Jikoni: Maongezi ya Kamati ya Majiko Siku ya Kutimiza Miaka Kumi



Kamati ya Majiko tumepewa dakika ishirini. Tulisimama watatu na kila mmoja akasema kipande chake, kwa hiyo humu kitabuni mkisoma "sisi" mjue ni watatu kweli. Vicheko tumeviacha nje kwa sababu ya nafasi.

Kwanza tuseme hii kamati ilitoka wapi, maana wanachama wapya wanadhani iliundwa kwa sababu tunapenda majiko mazuri. Iliundwa kwa sababu ya ugomvi. Kikundi kilipofika mwaka wa nne tuliruhusu mkopo wa kutengeneza nyumba, na mwenzetu mmoja akawa wa kwanza kuomba wa jiko. Alitaka jiwe. Tulipiga makofi, jamani! Sisi ni watu wa Mwanza, nyumba zetu za Mabatini na Igogo zimeegemea majabali, na wengine wetu hisa zetu za kwanza tulizinunua kwa hela ya kugonga kokoto kwa nyundo, mtoto mgongoni. Leo mmoja wetu anaweka jiwe lililong'arishwa ndani ya nyumba. Nani asingepiga makofi?

Akanunua marumaru nyeupe yenye mishipa ya kijivu. Hapa tuweke neno sawa, maana limewaponza wengi. Siku hizi fundi akisema marumaru mara nyingi ana maana ya vigae vya kupanga sakafuni. Sisi tunasema marumaru ya asili, jiwe lenyewe, aina ile inayochimbwa Carrara kule Italia. Lilikuwa zuri mno. Wiki ya pili likaja jambo la kumpa mkono binti yake, sato wakaparazwa juu ya lile jiwe, ndimu zikakamuliwa, ukwaju ukaloweshwa, manjano yakamwagika. Asubuhi yake jiwe lina mabaka meupe yaliyofifia, na duara la njano mahali sufuria ya pilau ilipokaa. Akasugua kwa siki, maana siki tumezoea inaondoa kila kitu. Ikawa mbaya zaidi.

Alilipa mkopo ule miezi kumi na minne. Alipoomba apunguziwe riba, kikundi kiligawanyika. Wengine walisema hasara ni yake, hakuna aliyemtuma. Wengine tulisema tulimpigia makofi, na tukamwidhinishia fedha bila hata mmoja wetu kumwuliza swali. Watu wawili walihama kikundi wakati ule, na mpaka leo hawajarudi. Hatusemi haya kwa kumlaumu mtu. Tunasema kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyetuambia tuyaseme, na ndiye wa tatu katika kamati hii.

Sasa tueleze kisa cha marumaru. Marumaru ni chokaa iliyobanwa na kupikwa na ardhi kwa muda mrefu, na chokaa na asidi ni maadui. Ndimu, siki, ukwaju, nyanya, hata maziwa ya mgando, vyote vina asidi. Kwa hiyo yale mabaka si uchafu. Ni jiwe lenyewe limelika, ndiyo maana sabuni haisaidii. Fundi mwenye mashine anaweza kulisugua na kuling'arisha upya, lakini ndimu ikirudi, na mabaka yanarudi. Tena marumaru ni laini: katika kipimo cha ugumu alichokitunga Mohs mwaka 1812, chenye ngazi 1 mpaka 10, marumaru ni 3 tu, na kisu cha jikoni ni 5 na nusu hivi. Kisu kinashinda.

Hata hivyo tusiitukane. Marumaru hubaki ya baridi, na unga wa chapati hauling'ang'anii. Mwenzetu alikata kipande kilichobaki salama, akakiweka upande wa dirisha, na chapati zake mnazozila leo zimesukumwa juu yake.

Granaiti ni jambo jingine. Hii imetokana na ujiuji wa mwamba ulioganda polepole chini ya ardhi, na haya majabali yetu ya ziwani, Jabali la Bismarck na wenzake, ni jamii hiyo hiyo, yana umri wa miaka bilioni 2.5 hivi. Ugumu wake ni 6 mpaka 7. Ndimu haiidhuru. Joto inalivumilia. Ndiyo maana kamati ilipoulizwa mara ya pili tulijibu bila kufikiri: chukua granaiti, tena nyeusi, nyeusi haionyeshi doa.

Basi hapo kosa ni letu, na tunalisema mbele ya Mgeni Rasmi. Tulikwenda watatu dukani na mwenzetu wa pili, tukapapasa jiwe, tukaona linang'aa kama kioo, tukasema lipakiwe. Ndani ya miezi sita sehemu ya karibu na sinki ikawa ya kijivu. Kumbe jiwe lilikuwa la kijivu toka mwanzo, likapakwa rangi nyeusi! Baadaye tukaambiwa kipimo ambacho kila binti mwenye kupaka kucha angetufundisha: chukua asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha, lowesha kitambaa cheupe, sugua kwa nguvu. Kitambaa kikitoka cheusi, ondoka. Tuliogopa kumwambia mwenye duka neno lolote kwa sababu hatukuwa na risiti yenye maelezo ya jiwe, ilisema tu "jiwe jeusi" na bei.

Na hata weusi wa kweli una tabu zake. Unga wa sembe unaonekana, alama za vidole zinaonekana, maji yakikauka yanaacha madoa meupe ya chumvi. Kwa nyumba yenye watoto watano wanaojipikia uji wenyewe, sisi sasa tunapendelea jiwe la rangi ya kati lenye madoadoa. Halina fahari sana kwa wageni, lakini halikugombezi.

Tangu siku ile tukienda dukani tunabeba kikapu. Ndani yake kuna ndimu, kisu, chupa ya maji, asetoni na kitambaa. Wauzaji wengine wanatucheka, wengine wanatuchukia. Tunaomba kipande kilichokatwa kutoka bamba lile lile, si sampuli ya mezani, tunapima hapo. Tone la ndimu likikaa dakika kumi na tano na kuacha alama, hiyo ni chokaa, hata kama muuzaji anaapa ni granaiti. Kisu kikichora, ni laini. Maji tunayaacha muda huo huo: mahali pakigeuka peusi, jiwe linakunywa, na litakunywa mafuta ya samaki vile vile. Jiwe linalokunywa si la kukataa, ila lipakwe dawa ya kuziba, mafundi wanaiita sila, na kila mwaka ulijaribu tena kwa tone la maji uone kama dawa imekwisha. Kisha tunamwagia maji bamba zima na kupitisha ukucha. Mshipa wa rangi hauusikii kwenye ukucha, ufa unausikia.

Kuna anayesema, kwa nini msinunue lile la kiwandani linaloitwa kwatzi, halinywi wala halipakwi kitu? Ni kweli halinywi. Lakini ni unga wa jiwe ulioshikwa na gundi ya plastiki, na gundi haipendi moto. Sufuria ya maharage ikitoka jikoni ikatua pale, huacha alama ya kuungua isiyotoka. Nasi tunatua sufuria popote, tusidanganyane.

Na kuna jambo kubwa zaidi, ambalo wenzetu wa kokoto watalielewa haraka. Vumbi la jiwe lina silika. Ukilivuta miaka, mapafu yanakuwa magumu, ugonjwa unaitwa silikosisi, na hauna dawa ya kuuponya. Jiwe la kiwandani linaweza kuwa na silika zaidi ya asilimia 90, na vijana waliolikata bila maji waliugua kwa wingi hata Australia ikapiga marufuku mawe hayo kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Granaiti nayo ina silika, ingawa pungufu. Kwa hiyo Kamati ina sharti moja ambalo hatulijadili: fundi wa mwanachama wetu akate kwa maji, avae barakoa ya vumbi inayobana vizuri, si kitambaa cha pua, na asikate ndani ya nyumba mnamolala. Ukimwona anakata kavu kwa grenda na wingu jeupe limemfunika, mzuie. Atasema amezoea. Hata sisi tulikuwa tumezoea, tukigonga kokoto bila kitu puani, na wapo kati yetu wanaokohoa mpaka leo bila kujua ni kwa nini. Tunawaomba waende wakapimwe, na hospitalini waseme waliwahi kugonga mawe, maana daktari asipoambiwa anaweza kufikiri ni kifua kikuu peke yake.

Kuhusu vipimo tutapita upesi. Granaiti ya unene wa milimita 20 ina uzito wa kilo 54 hivi kwa mita ya mraba, na ya milimita 30 ni kilo 81. Kaunta ya urefu wa mita 3.2 na upana wa sentimeta 60 ni zaidi ya kilo 100 hata kwa ile nyembamba. Makabati ya mbao za unga hayabebi hayo bila kuimarishwa; wengi wetu tunajenga matofali na kumwaga zege chini, ni sawa, ila zege liwe limenyooka, maana jiwe halipindi, linavunjika. Fundi apime baada ya zege au makabati kukamilika, kuta zetu nyingi hazina pembe mraba. Bamba libebwe likiwa limesimama kama mlango, lisilazwe, na pale mbele ya tundu la sinki ndipo pembamba, ndipo linapokatika.

Tudumu kidogo kwenye kimo, kwa kuwa hili hatujaliona likiandikwa popote. Mafundi wanajenga sentimeta 90, ndicho kipimo walichofundishwa. Kwa kukata mboga kinafaa watu wengi: simama, kunja mkono, kaunta iwe chini ya kiwiko sentimeta kumi hadi kumi na tano. Lakini weka jiko la gesi juu ya hiyo, na juu ya gesi sufuria ya ugali wa watu tisa. Mama mfupi atasonga ugali mikono ikiwa usawa wa mabega! Mmoja wetu alifanya hivyo mwaka mzima, akaumwa mabega, mwisho akarudi kusongea sakafuni na jiwe lake zuri likabaki kuwa la kuwekea thermos. Sasa tunashauri sehemu ya jiko ishushwe, kipande chake peke yake, kwa kimo cha yule anayesonga. Siyo kwa kimo cha fundi, wala cha baba mwenye nyumba.

Kingo ziwe za mviringo, kwa ajili ya vichwa vya watoto. Kinu kisipandishwe juu ya kaunta, kisamvu kitwangwe chini. Jiko la mkaa lisiwekwe juu ya jiwe lolote. Jiwe linavumilia sufuria, halivumilii moto wa saa tatu mahali pamoja. Mifupa ikatwe juu ya kigogo. Usafi ni maji na sabuni ya kawaida, basi. Doa la mafuta likishaingia, kanda soda ya kuokea na maji iwe kama uji mzito, paka, funika kwa nailoni mpaka kesho.

Na asiye na uwezo wa jiwe asijione mnyonge. Wawili kati yetu tuna kaunta za saruji iliyosuguliwa, na tunapika.

Kwa upande wa mikopo, kuanzia mwaka jana fedha ya jiko inatoka mara mbili: nusu ya kwanza kwa zege na makabati, nusu ya pili Kamati ikishaliona bamba na risiti inayotaja aina, unene na vipimo. Wapo wanaolalamika kwamba tunawaingilia. Tumesikia, na shauri hilo litakuja mbele ya mkutano wa mwezi ujao. Pia kuna hoja ya mwenzetu wa kwanza, kwamba riba ile aliyolipa irudishwe kutoka mfuko wa jamii. Kamati tunaiunga mkono, na tumekwisha kumwandikia Katibu.

Bamba la mwanachama wetu wa saba linafika Jumamosi saa nne asubuhi. Njia ya kwake gari haipandi, kuna ngazi za mawe, kwa hiyo tunahitaji wanaume sita wenye mikono imara na mmoja wa kuwaelekeza. Kina baba mliopo hapa, tumekwisha kuandika majina yenu. Chakula kitakuwepo.