Mtoto Akienda Nairobi, Mfundisheni Kununua

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya vijijini

 

Mimi nafanya kazi ya jamii Pipeline, kule Embakasi, mashariki mwa Nairobi. Wengi wenu mna mtoto huko. Ni mahali pa maploti marefu, orofa juu ya orofa, na watu wengi wanaishi chumba kimoja. Kijana akiondoka hapa kwenda kutafuta kibarua Viwandani, sisi humpa nauli, blanketi na baraka. Ni vizuri. Lakini kuna somo moja hatumpi, nalo ni namna ya kununua chakula.

Msicheke. Mtoto wa shambani hajui bei ya sukuma wiki, kwa sababu yeye aliichuma. Unga aliukuta ndani ya debe. Pipeline hata maji ya kupikia yananunuliwa kwa mtungi. Kwa mtu kama huyo Nairobi ni ugenini kabisa.

Hebu tuangalie biashara wanayoiita kadogo. Duka linakupimia mafuta ya kupikia ya shilingi 20, sukari ya shilingi 10, majani ya chai ya shilingi 5. Mgeni hufurahi, anaona vitu ni rahisi. Sasa tupige hesabu pamoja. Bei hizi ni za mfano tu. Tuseme lita moja ya mafuta ni shilingi 300. Ya kupima ni shilingi 20 kwa mililita 50. Vipimo vya namna hiyo viko 20 katika lita moja. Mara 20, ni shilingi 400. Mtu amepoteza shilingi 100 na hakuona zikienda. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Pipeline, haba na haba hutoboa mfuko.

Lakini tusiwatukane wanaonunua kadogo. Anayelipwa kwa siku hana shilingi 300 za kuweka kwenye mafuta leo. Chumba ni kidogo na panya wako. Tena kuna kadogo yenye faida. Wako akina mama wanaouza maharagwe na githeri iliyochemshwa tayari, unapimiwa kwa kikombe. Mtu wa peke yake akihesabu makaa au gesi ya kuchemsha maharagwe saa nzima na zaidi, anaona heri anunue ya kikombe. Kwa hiyo nasema hivi: ajue kuhesabu, ndipo achague.

Basi mwambieni mambo haya matano kabla hajapanda basi.

Kwanza, siku ya mshahara anunue vile visivyooza: unga, mafuta, sukari, chumvi. Aanze na kimoja tu kama pesa ni kidogo. Mwezi huu lita ya mafuta, mwezi ujao aongeze sukari. Awe na ndoo yenye kifuniko kwa ajili ya panya, na iwe iliyowekwa chakula, si ya rangi wala ya dawa.

Pili, mboga na nyanya anunue kidogo kidogo, kwa sababu hana pa kuziweka. Mama mboga wengi hupunguza bei jioni wakiogopa kulala na mali. Akinunua kwa mmoja kila siku atajulikana, naye ataongezewa.

Tatu, wanunue kwa pamoja. Beli moja ya unga ina pakiti 12 za kilo mbili. Majirani sita wa ploti moja wakichanga, kila mmoja anapata pakiti mbili kwa bei ya jumla. Vivyo hivyo viazi na vitunguu vya Marikiti, au maharagwe ya Nyamakima, huko katikati ya mji. Aende mmoja kwa niaba ya wote, na nauli yake iingizwe kwenye hesabu. Nauli ikimeza faida, wanunue karibu.

Nne, ajihadhari na deni la chakula. Kuandikwa kwenye kitabu cha duka kunasaidia siku ya shida, lakini aweke daftari lake pia, ili mwisho wa mwezi vitabu viwili vilingane. Mkopo wa simu wa kununua unga ni hatari zaidi. Unga unaisha leo, deni linakaa na ada yake.

Tano, aseme mapema akikosa. Hapa nawaomba wazazi mnisikilize. Kijana mwenye njaa hukata chakula cha mchana, akaanguka kazini. Msichana ambaye ndoo yake ya unga ni tupu hupata msaidizi upesi, na huyo msaidizi atadai malipo yake. Wengi hawapigi simu nyumbani kwa sababu ya aibu. Mwambieni wazi kwamba kuomba gorogoro ya mahindi si aibu.

Na nyinyi wa vikundi mna sehemu yenu. Mnatuma mahindi kwa basi, na yanaokoa watu. Ila yakauke vizuri. Mwaka 2004, hasa huko Ukambani, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu, ile aflatoksini. Kuchemsha hakuiondoi. Jaribuni hivi: chukueni chupa safi ya kioo iliyokauka, tieni mahindi na chumvi kavu, mtikise, mwache kidogo. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Yarudishwe juani, juu ya turubai, si juu ya udongo. Mahindi yenye ukungu msitume, wala msiyale nyinyi wenyewe.

Mkiweza, kikundi kianze mfuko mdogo wa safari, ili kila kijana anayeondoka apewe sufuria, ndoo yenye kifuniko, mahindi makavu na maharagwe ya mwezi wa kwanza. Huo mwezi wa kwanza, kabla kibarua hakijapatikana, ndio unaowavunja wengi.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni vijana wangapi wa kijiji chetu wameenda mjini mwaka huu? Nani amezungumza nao juu ya chakula?
2. Chukueni kitu kimoja mnachonunua kadogo hapa kwetu, kwa mfano sukari. Pigeni hesabu ya kilo nzima. Tofauti ni shilingi ngapi?
3. Je, sisi wenyewe tunaweza kununua nini kwa pamoja kuanzia mwezi ujao? Nani atashika daftari?