Furaha Ipatikanayo kwa Kuwatumikia Wenye Ulemavu wa Akili

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini wa Ulemo, wilaya ya Iramba, mkoani Singida)



Imepokewa kutoka kwa Hadhrat Anas r.a., katika Sahihi Muslim, kwamba mwanamke mmoja aliyekuwa na upungufu wa akili alimwendea Mtukufu Mtume s.a.w. akamweleza kuwa anayo haja kwake. Mtume s.a.w. alimwita kwa jina la heshima, kama sisi tuitavyo Mama Fulani, akamtaka achague njia yoyote aipendayo ili wakazungumze. Kisha akasimama naye kando ya njia mpaka alipomaliza shida yake.

Hapa tunajifunza mambo matatu. Alimheshimu kama mtu mzima, alimwachia uchaguzi, na alimpa wakati wake.

Sasa tujitazame. Mtoto mwenye ulemavu wa akili anapokuwa mdogo, watu humhurumia. Akishaota ndevu, huruma hugeuka kuwa kicheko au hofu. Msimu wa kilimo ukifika, wengine hufungiwa ndani kutwa nzima, kwani kila mwenye nguvu yuko shambani. Mama naye anazeeka, na swali limkoseshalo usingizi ni moja: "Nikifa, nani atakaa naye?" Ndugu zangu, jibu la swali hilo linatakiwa kwetu sote.

Hofu nyingi hutokana na kutojua. Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili, ambao mgonjwa wake hupelekwa hospitali kama ile ya Mirembe, Dodoma, kutibiwa. Ulemavu huu huanza tangu tumboni au utotoni. Huweza kusababishwa na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo. Hauambukizi, wala si laana juu ya ukoo.

Mwanzoni mwa Sura An-Nisaa, Mwenyezi Mungu anatuagiza kuwa wale wasioweza kusimamia mali walishwe, wavishwe na kuambiwa maneno mema. Chakula na nguo pengine tunatoa; neno jema ndilo tulisahaulo. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2010 nayo inakataza kuwabagua watu wenye ulemavu.

Basi tufanye nini? Vijana wawili, baada ya sala ya Alasiri, wamtembelee mwenzao siku ile ile kila wiki. Waende naye kisimani, wapure naye alizeti, wacheze naye mpira, na waje naye msikitini wakisimama safu moja. Katika michezo ya Special Olympics, ziko timu ambamo wenye ulemavu wa akili na wasio nao hucheza upande mmoja. Nasi hatuhitaji zaidi ya mpira na kiwanja. Akina mama kadhalika wawatembelee wanawake wenzao. Kwa saa hizo mbili, mzazi aliyechoka ataweza kwenda sokoni au kupumzika.

Tusidanganyane, kazi hii ina uzito. Siku nyingine atakasirika, siku nyingine atakataa kutoka. Aendaye mara moja huona taabu tu. Lakini adumuye atafika siku atakapomkuta mwenzake amekwisha kukaa mlangoni akimngoja. Hapo atajua kwamba amependwa bila kuulizwa cheo wala mali. Furaha hiyo hainunuliki, na huijia nafsi pale inapoacha kujishughulikia yenyewe. Sura Ad-Dahr inawasifu wanaolisha wenye shida kwa ajili ya Mwenyezi Mungu bila kutaka malipo wala shukrani. Hao ndio walioahidiwa furaha.

Hivyo basi, kabla ya Ijumaa ijayo, kila mmoja wetu amtaje moyoni mtu mmoja kama huyo aliye jirani naye, kisha aende akamsalimu kwa jina lake.

Mwenyezi Mungu atujalie kutimiza haki Zake na haki za viumbe Vyake. Amin.