Mchafuzi akishaondoka, nani anasafisha Mwanza?

(Maneno niliyoyasema kwenye kikao cha vijana wa chama hapa Mwanza. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni, nimepunguza marudio tu.)



Najua jua ni kali, na aliyenitangulia amezungumzia Katiba na tume, mambo yanayopigiwa makofi. Mimi nimewaletea udongo. Nivumilieni, kwa sababu humo kwenye udongo kuna pesa zenu.

Mto Mirongo mnaujua wote. Unapita Mabatini, unakatiza katikati ya mji, unaishia ziwani. Njiani unabeba maji ya vyoo kutoka nyumba za mlimani, oili chafu ya gereji, taka za sokoni. Mvua kubwa ikinyesha, yale maji yanaingia ndani kwa watu. Yakikauka, tope linabaki. Mtoto anacheza pale pale, na mama anapanda mchicha pembeni. Halafu siku ardhi ile ikipanda bei, anaitwa mwekezaji. Hapo ndipo tunapopaswa kuuliza: nani ameupima huu udongo, na nani analipia kuusafisha?

Sheria ina jibu, tena zuri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema mchafuzi ndiye alipe. Kifungu cha 4 kinampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Darasani tunalisoma hilo tunafurahi. Tatizo linakuja ukitoka nje ya darasa ukamtafuta huyo mchafuzi.

Chukueni kiwanda cha ngozi cha hapa Mwanza. Kilikuwa mali ya umma enzi za Mwalimu, pamoja na vile vya Morogoro na Moshi, kisha vikabinafsishwa miaka ya 1990. Ngozi inalainishwa kwa chumvi za kromiamu, na maji ya kazi hiyo yasipotibiwa vizuri kromiamu inabaki kwenye matope na udongo miaka mingi baada ya mashine kuzimwa. Sasa niambieni, kiwanda kikijengwa na serikali, kikauzwa, kikafungwa, utamshtaki nani? Serikali aliyoijenga Mwalimu? Mnunuzi? Aliyepewa kiwanja jana? Kila mmoja atamnyooshea mwenzake kidole, na udongo utakuwa pale pale.

Mtaniambia tathmini ya athari kwa mazingira ipo. Ipo, ndiyo, lakini inaangalia mbele: mradi unaokuja utaharibu nini. Uchafu wa jana hauna mradi. Unakaa tu kimya mpaka mtu aje kujenga.

Na tusidanganyane kwamba mahakama peke yake itatuokoa. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, akina Joseph Kessy, waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa sababu ya dampo. Jaji Lugakingira aliwapa haki, na jiji lilipoendelea kuomba kuongezewa muda, alisema wazi kwamba kuwaachia watu moshi na sumu ni kugusa haki yao ya kuishi, ibara ya 14. Kesi tamu sana ile, naipenda. Lakini taka zilikwenda wapi? Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Zikaenda Vingunguti. Jaji anaweza kusema acha. Hawezi kuandika bajeti.

Mombasa wamefika mbali zaidi. Mtaa wa Owino Uhuru, watu walilishwa madini ya risasi na kiwanda kilichokuwa kinayeyusha betri chakavu. Kesi ilifunguliwa 2016. Julai 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya na udongo usafishwe ndani ya miezi minne, na taasisi za serikali zikabebeshwa lawama pamoja na kampuni. Ikakatiwa rufaa, ikabatilishwa, mpaka Desemba 2024 Mahakama ya Juu ndipo ikawarudishia ushindi. Miaka minane jamani! Mtoto aliyezaliwa siku kesi inafunguliwa alikuwa tayari shuleni.

Ndiyo maana nasema tunahitaji fedha ya umma iliyotengwa kwa sheria, inayosafisha kwanza halafu ndiyo inamfukuza mchafuzi kwa deni. Marekani walifanya hivyo 1980: mfuko uliojazwa kwa tozo kwa kampuni za mafuta na kemikali, kwa ajili ya maeneo ambayo mwenye kosa hapatikani au hana kitu. Tozo ilipokoma 1995 mfuko ukakonda, mzigo ukamrudia mlipa kodi wa kawaida, na ikachukua zaidi ya miaka 25 kuirudisha. Kwa hiyo mfuko bila chanzo cha uhakika ni jina tu. Sisi jina tunalo! Sheria ile ile ya 2004, kifungu cha 213, ina Mfuko wa Taifa wa Dhamana wa Mazingira. Nani hapa ameshaona kazi yake mtaani kwake? Nyoosheni mikono. Haya.

Hela ipo. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, na sipingi daraja, nalipita. Na tunajua halmashauri inaweza kulazimishwa kutenga: ile asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu iko kisheria. Basi iwepo asilimia ya kusafisha ardhi, ichangiwe na viwanda, na kiwanja kilichosafishwa kikiuzwa, fedha irudi kwenye mfuko. Na kisigawiwe kiwanja cha kiwanda cha zamani, gereji wala dampo kabla vipimo vya udongo havijabandikwa ofisi ya kata.

Ila kuna mtego. Usafi hapa kwetu mara nyingi maana yake ni fukuza. Mita 60 za kutoka ziwani mama lishe wanazijua kuliko mawakili. Gereji bubu zikiondolewa, kijana fundi anaitwa mchafuzi, na anayekuja kujenga ghorofa juu ya oili ile ile anaitwa mwekezaji. Tukidai fedha ya kusafisha bila kudai waliokuwepo wabaki, tutakuwa tumewasaidia kufukuza watu wetu wenyewe.

Bajeti za halmashauri huanza kupikwa mwishoni mwa mwaka, kabla Bunge halijaigusa. Kwa hiyo wanaoishi Mabatini, Igogo na kando ya Mirongo, msiondoke. Nina daftari hapa mbele. Nataka majina ya mitaa, maeneo ya gereji na viwanda vya zamani mnavyovikumbuka, na watu watano wa kwenda nami kwa diwani Jumatatu.