HARUFU YA PANYA GHALANI
Maneno ya Bwana Shamba kwa wakulima wa Kaloleni, Arusha



Mahindi mliyovuna yamo ghalani, na panya mdogo wa nyumbani amekwisha kuyaona. Meno yake mnayajua. Leo nitasema juu ya mkojo wake.

Kila apitapo hudondosha mkojo kidogo kidogo. Ndani yake mna vitu viitwavyo feromoni, na panya wenzake huvinusa kama sisi tusomavyo barua. Jike mchanga akinusa mkojo wa dume hupevuka mapema. Mwaka 1959 Bibi Hilda Bruce wa Uingereza alionyesha kwamba jike aliyepandwa karibuni, akinusa dume mgeni, mimba yake huharibika. Msifurahi! Mimba ya panya ni siku 20 hivi tu. Hasara hiyo huilipa upesi.

Dume akinaswa, alama zake hubaki sakafuni na kuvuta majike. Kwa hiyo kutega bila kusafisha ni nusu ya kazi. Kabla ya kuingiza magunia mapya, lowesheni mavi ya panya kwa maji, maana vumbi lake huleta maradhi. Ndipo mfagie, mwoshe sakafu kwa sabuni na kuziba matundu. Magunia yakae juu ya kichanja, mbali na ukuta. Mitego iwekwe kando ya ukuta, ndiko apitako. Paka naye afugwe: panya huogopa hata harufu yake, ijapokuwa mwenyewe amelala.